Maduara ya mawe ya kale: kamba, vigingi na wafu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme machache kuhusu maduara ya mawe ya kale, yaani mawe makubwa yaliyosimamishwa ardhini kwa kuzunguka, mada ambayo huandikwa sana na kupimwa kidogo. Mara nyingi msomaji huambiwa kwamba mawe yale yalikuwa kalenda ya wanafalaki wa zamani, na uthibitisho anaoonyeshwa ni mchoro uliojaa mistari iliyonyooshwa kutoka jiwe hadi jiwe. Mimi ni mwalimu wa hisabati. Kinachonisikitisha ni kwamba elimu ya kweli ya waliosimamisha mawe yale, ambayo bado inasomeka ardhini, inafunikwa na madai makubwa yasiyo na mahali pa kushika.

Jambo la kwanza ambalo wengi hawalijui ni kwamba mengi ya maduara hayo si maduara kamili. Alexander Thom, mhandisi kutoka Uskoti aliyekuwa profesa wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Oxford, alitumia miongo kadhaa akipima mamia ya maeneo ya mawe nchini Uingereza, na mwaka 1967 akachapisha matokeo yake. Aliyagawa maumbo katika duara kamili, duara lililobonyezwa upande mmoja, duaradufu, na umbo la yai. Castlerigg, lililozungukwa na milima ya kaskazini-magharibi mwa Uingereza, ni mfano wa lile lililobonyezwa. Asiyepima hawezi kuliona jambo hilo, kwa sababu jicho lenyewe hupenda kukamilisha duara.

Umbo hilo, kwa maelezo ya Thom, lilipatikana kwa kamba na vigingi tu. Unachora theluthi mbili za duara kamili kutoka kigingi cha katikati. Kisha, kwenye kila moja ya nusukipenyo mbili zinazofika kwenye ncha za tao hilo, unapiga kigingi katikati yake na kuchora tao fupi lenye nusu ya urefu wa kamba ya kwanza. Mwisho unakipeleka kigingi kwenye mzingo, mahali panapotazamana na sehemu iliyobaki wazi, na kuifunga sehemu hiyo kwa tao refu lililolala. Nimewahi kulifanya zoezi hili uwanjani pamoja na wanafunzi, tukiwa na kamba, vigingi na chokaa, na halikutuchukua hata saa moja. Matao yalikutana bila kona wala mvunjiko, na wanafunzi ambao huona jiometri kuwa adhabu walikaa kimya wakilitazama umbo lile. Tangu siku hiyo siwezi kumsikiliza mtu anayesema kwamba watu wa kale wasiojua kuandika hawakujua kufikiri.

Lakini Thom hakuishia hapo, na hapa ndipo ninapoachana naye. Mzingo wa umbo hilo ukiugawanya kwa kipenyo chake kirefu unapata takriban 3.06, wakati duara kamili hutoa 3.14, naye akahisi kwamba wajenzi walilibonyeza duara ili uwiano ukaribie 3, kwa kuwa walipenda namba nzima. Akadai pia kwamba walitumia kipimo kimoja cha urefu, sentimita 82.9, kote Uingereza na hata upande wa Bretagne, Ufaransa. Mwaka 1974 mwanatakwimu David Kendall aliyapitia makadirio hayo na kuona dalili fulani za kipimo cha msingi, ila si zenye uzito wa kutosha kumaliza ubishi. Nami najiuliza: jiwe lenye unene wa karibu mita moja, ambalo pengine limeegama au limeanguka, utalipima kutoka ukingo upi hadi ukingo upi ili upate usahihi wa milimita? Kiswahili chetu kina shubiri, dhiraa na pima, vipimo vinavyotoka mwilini, na kila mwenye mkono anajua kwamba dhiraa ya mtu mmoja si ya mwenzake. Hatua za miguu zingetosha kabisa kuleta urefu unaokaribia ule wa Thom bila kuwapo fimbo rasmi iliyosafirishwa nchi nzima. Wapo pia watafiti walioonyesha kwamba mtu anayepanga mawe kwa kukadiria kwa macho huweza kulibonyeza duara bila kukusudia.

Stonehenge, duara maarufu la mawe kusini mwa Uingereza, ni habari nyingine, maana usahihi wake hauhitaji kutafutwa. Takriban mwaka 2500 KK wajenzi walipanga nguzo 30 katika duara lenye kipenyo cha kama mita 30, wakaweka juu yake mawe ya mlalo yaliyochongwa kwa mpindo mdogo ili yafuate duara, yakashikana kwa ndimi na matundu kama afanyavyo seremala kwenye mbao. Ingawa ardhi ina mteremko, mawe ya juu yalilala karibu usawa mmoja. Mhimili wake unaelekea jua linapochomoza katika siku ndefu kuliko zote za mwaka, na upande wa pili linapozama katika siku fupi kuliko zote. Kuhusu mwelekeo huu sioni haja ya kubishana.

Ubishi unaanza tunapoongeza. Katika miaka ya 1960 mwanafalaki Gerald Hawkins alipendekeza kwamba mashimo 56 yaliyozunguka eneo hilo yalikuwa chombo cha kutabiri kupatwa kwa jua na mwezi, kwa sababu mzunguko wa miaka 18.6 wa mwezi ukizidishwa mara 3 unakaribia 56. Hesabu ni nzuri. Hata hivyo, waliochimba mashimo hayo walikuta katika mengi yao mabaki ya mifupa ya watu iliyochomwa. Ufafanuzi unaoeleza namba na kuiacha mifupa bila neno, kwangu mimi, bado haujaanza kazi.

Karibu na Kalokol, magharibi mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, kuna somo kali zaidi. Mwaka 1978 ilichapishwa taarifa kwamba nguzo 19 za mawe ya volkeno mahali panapoitwa Namoratunga zilielekezwa kwenye nyota zinazotumika katika kalenda ya Waborana, wafugaji wa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, na kwamba zilisimamishwa mnamo mwaka 300 KK. Vipimo viliporudiwa mwaka 1982 iligundulika kwamba mawe yenyewe yana usumaku, na dira iliyotumika mwanzoni ilikuwa imepotoshwa nayo. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba maeneo ya nguzo ya aina hiyo kuzunguka ziwa ni ya kale zaidi, ya miaka kati ya 4,000 na 5,000 iliyopita, na kwamba yalijengwa na wafugaji wa mwanzo. Lothagam Kaskazini, mojawapo ya maeneo hayo, ni makaburi ya mamia ya watu.

Tena makaburi. Maduara ya Senegali na Gambia, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, yanahusiana na mazishi. Huko Tomnaverie, Uskoti, wachimbaji walibaini kwamba duara la mawe lilisimamishwa baada ya lundo la mawe lililofunika mahali pa kuchomea maiti, kana kwamba duara lilikuja kufunga mlango. Na mwaka 1998 Ramilisonina, mwanaakiolojia wa Madagaska, akiandika pamoja na mwanaakiolojia Mwingereza Mike Parker Pearson, alitoa hoja kwamba huko Stonehenge mti ulikuwa wa walio hai na jiwe la wahenga, kama ilivyo kwa watu wake. Mfano wa Madagaska peke yake hauthibitishi lolote kuhusu Uingereza. Kilichonivuta ni kwamba kilomita chache kutoka Stonehenge, huko Durrington Walls, yapo maduara ya nguzo za miti, nyumba za watu, na mifupa ya nguruwe ambao meno yao yanaonyesha kwamba wengi walichinjwa katikati ya majira ya baridi. Kwa hiyo mwelekeo wa jua linalozama siku fupi unaungwa mkono na karamu zilizoacha mabaki, na hapo mstari uliochorwa kwenye ramani unapata watu wa kuutumia.

Ombi langu, Ndugu Mhariri, ni dogo. Gazeti lako litakapochapisha tena makala kuhusu mawe haya, tafadhali liweke ramani mbili bega kwa bega: moja yenye mistari ya mwandishi, na nyingine yenye mawe matupu pamoja na alama za mahali ilipopatikana mifupa, majivu na vyungu. Wasomaji wachukue rula, wajaribu wenyewe.

Wako katika kupima,
Mwalimu wa hisabati