Pisi ngapi zitatosha?

Moshi, Novemba

Shoga yangu Neema,

Salamu nyingi kutoka huku Pasua. Sisi wazima, joto tu ndilo linatuandama. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, ila jibu lake ni refu, nikaona bora nikae chini nikuandikie.

Umeuliza kama pisi mbili (yaani mafungu mawili) za nywele za kushonea za inchi 24 zitakutosha kwa sendofu ya mdogo wako Desemba. Hazitoshi, mpenzi. Hata tatu zitakuwa za kubahatisha.

Wauzaji hawakuambii hili kwa sababu wao wanauza urefu. Pisi moja ya nywele za binadamu kwa kawaida ina gramu 100, iwe ya inchi 12 au ya inchi 24. Uzito ni ule ule. Sasa kama nywele zimerefuka na uzito haujaongezeka, lazima zimepungua pengine, na zinapungua kwenye ule utepe wanaoushonea kichwani. Ukiikunjua ya inchi 24, utepe wake unakaribia kuwa nusu ya ule wa inchi 12. Utepe mfupi unazunguka kichwa mara chache, na ukizunguka mara chache mistari iliyosukwa chini yake inachungulia. Ndiyo maana unamwona dada wa watu kalipa hela ya maana, nywele zimefika kiunoni, lakini ukimtazama kwa nyuma ncha zimebaki mkia wa panya.

Mimi wateja wangu nawahesabia hivi. Mtu anayetaka fupi, ya kuishia kidevuni au shingoni, inchi 10 au 12, pisi mbili zinamjaza vizuri. Kuanzia 14 hadi 18 achukue tatu. Akivuka 20 ni nne, na anayetaka zijae hasa anaongeza ya tano. Hapo nasema kichwa cha kawaida. Wewe kichwa chako nakijua (usininunie, hata kofia ya mahafali iligoma kuingia), kwa hiyo usikae kwenye kima cha chini.

Kloza nayo, kile kipande cha wavu chenye nywele kinachoshonewa utosini, inapunguza hesabu, lakini si kama watu wanavyodhani. Ile ya inchi 4 kwa 4 inafunika kiganja tu cha utosi, usiitegemee sana. Frontali ya 13 kwa 4, kipande kama hicho ila kipana, inatoka sikio hadi sikio, hapo unaweza kuacha pisi moja. Vyovyote, kloza isiwe fupi sana kuliko nywele za nyuma, maana kwenye picha itaonekana kama ngazi.

Halafu kuna ncha, na hapa ndipo hela inapoliwa. Pisi mbili zinaweza kuwa na gramu sawa na urefu sawa, moja ikajaa na nyingine ikawa ya ovyo. Nyingi zimechanganywa na nywele fupi, kwa hiyo juu unaona nene, huku chini zimebaki chache zilizofika. Ukiwa dukani shika pisi karibu na utepe, uibane ngumi. Teremsha mkono hadi katikati, ubane tena, kisha inchi mbili kutoka mwisho. Kama ngumi ya mwisho inakaribia kufunga tupu, irudishe. Zipo zilizochambuliwa, fupi zikatolewa, unene wake mmoja toka juu hadi chini. Bei yake imechangamka, lakini tatu za aina hiyo zinashinda nne za zile nyingine.

Usione aibu kuomba mizani. Wenye maduka ya viungo wanazo zile ndogo za betri; toa lebo, weka juu. Kila pisi ikipungua gramu 15, kwenye pisi tatu umeibiwa gramu 45, karibu nusu pisi nzima, na hiyo ndiyo ingeziba pale nyuma ya sikio. Nunua zote siku moja, duka moja, kwa sababu nyeusi ya leo na nyeusi ya wiki ijayo huwa hazifanani juani.

Ungeniuliza mimi, ningekuambia uachane na 24 iliyonyooka. Nywele zilizonyooka hazifichi kitu. Chukua yenye mawimbi, inchi 18, pisi tatu, na ya nne kama mfuko unaruhusu kwa ajili ya hicho kichwa. Mawimbi yanatanuka yenyewe, yanaonekana mengi kuliko yalivyo. Ila kumbuka hizo hupimwa zikiwa zimevutwa, kwa hiyo 18 yako itaning'inia kama 16 hivi, chini kidogo ya mabega. Kwa gauni lililoacha mgongo wazi, panatosha kabisa.

Na pisi tano ni nusu kilo, Neema. Nusu kilo inaning'inia kwenye mistari, na wewe ukishaisikia mdundiko hukai chini. Nywele zako za mbele ni laini, msusi asizikaze. Ukiona macho yamevutwa, mwambie afumue hapo hapo. Baada ya wiki 6 hadi 8 zitoe, hata kama bado zinang'aa.

Desemba unaijua, Wachagga wote wanarudi nyumbani na saluni za mjini zinafurika, bei juu, foleni hadi usiku. Njoo Jumatano ya wiki ya shughuli, asubuhi, nikushonee kabla ya watu wa Dar hawajashuka. Ukishanunua nipigie picha ya zile ncha kwanza, usifungue kamba.

Msalimie mama na shemeji.

Wako,
Upendo