Barua kwa mwanangu: faida imeingia kwenye simu, imetoka wapi?

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Moshi. Umeniuliza inakuwaje daktari, mhandisi, hata mhasibu anayekagua vitabu vya wenzake, apigwe na mradi wa kuweka laki tano na kuvuna kila mwezi. Wengi hujibu kwa neno moja: tamaa. Jibu hilo ni la hatari, kwa sababu asiye na tamaa hujiona yuko salama.

Msomi hupigwa kwa sababu hujaribu kwanza. Anaweka laki moja, anasubiri mwezi, anatoa elfu thelathini, inaingia kwenye simu. Hapo anaona amethibitisha. Alichothibitisha ni kwamba mradi unalipa, na upatu wowote ulio hai, yaani mradi unaowalipa watu kwa fedha walizoweka wao wenyewe, hulipa; bila kulipa haumpati mtu wa pili.

Piga hesabu. Watu wameweka jumla ya milioni 100, wameahidiwa asilimia 30 kwa mwezi, na hakuna biashara yoyote inayofanyika. Mwezi wa kwanza wanalipwa milioni 30, wa pili 30, wa tatu 30. Wa nne zimebaki 10. Hata asipoingia mtu mpya, kwa miezi mitatu kila mmoja ameshika faida mkononi na yuko tayari kuapa. Wapya wakiingia, au wa zamani wakiacha faida izae bila kuitoa, siku zinaongezeka. Ndiyo maana kuna bonasi kwa asiyetoa, na akaunti ambazo huwezi kutoa kitu kwa siku 90. Halafu endeleza hesabu hiyohiyo: laki tano isiyoguswa inakuwa zaidi ya milioni 11 kwa mwaka mmoja, na zaidi ya milioni 270 kwa miwili. Linganisha na hatifungani ya Serikali ya miaka 20, yaani fedha unazoikopesha Serikali kwa riba: unaweza kuinunua kuanzia milioni 1, na riba yake haijafika asilimia 20 kwa mwaka mzima.

Kuna pia hadithi, nayo hushonwa kwa kipimo cha msikilizaji. Huko Arusha ni tanzanaiti na utalii, huku kwetu ni parachichi. Mwerevu huichunguza: kweli parachichi inauzwa Ulaya, kweli shamba lipo, kweli mkataba una mhuri. Kila kipande akikikuta sawa, anameza na kile ambacho hakukigusa, yaani muda. Mche wa parachichi aina ya Hass uliobebeshwa huanza kuzaa karibu mwaka wa tatu. Anayekulipa kuanzia mwezi wa kwanza hakulipi kwa parachichi.

Nao wasomi huaminiana. Kila mmoja anadhani mwenzake ndiye aliyekagua. DECI, mradi wa kuweka na kuvuna fedha uliosimamishwa hapa nchini mwaka 2009, uliongozwa na wachungaji, na watu waliambiwa fedha wanazoweka ni mbegu wanayopanda; mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia viongozi wake hatiani kwa kuendesha upatu. Kule Marekani, Bernard Madoff, mwendesha upatu aliyekamatwa Desemba 2008, aliwanasa hata mameneja wa mifuko ya uwekezaji bila kuahidi makubwa: kama asilimia 10 hivi kwa mwaka, ila ilikuja kwa utulivu ambao soko la hisa halina. Kwa hiyo usiogope faida kubwa peke yake. Ogopa na ile isiyoyumba.

Makaratasi yasikutulize. Cheti cha BRELA kinasema kampuni imesajiliwa, na TIN, namba ya mlipakodi, inasema inajulikana kwa mamlaka ya kodi. Hakuna hata kimoja kinachoruhusu kukusanya fedha za watu. Kupokea amana ni leseni ya Benki Kuu. Mifuko ya uwekezaji ni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Uliza huko, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe. Benki Kuu ina tawi hapo hapo Arusha, nenda.

Yule mwenzako wa ofisini uliyemtaja, aliyeweka fedha kwenye mradi huo, usimwite mjinga. Ameshawaingiza shemeji na wanakwaya, na akikubali kuwa ni upatu inabidi akawatazame usoni. Hilo linamfunga kuliko fedha zake. Mwombe tu leo aombe kutoa mtaji wote, maana faida peke yake watampa bila shida. Akiambiwa alipe kwanza kodi au ada ndipo mtaji utoke, asitume hata shilingi. Atunze meseji za miamala, namba na majina yaliyopokea fedha, apige picha kurasa za akaunti kabla hazijafungwa, aende polisi. Baada ya hapo atapigiwa na mtu atakayedai anaweza kumrudishia fedha zake kwa malipo kidogo. Huyo naye asimpe kitu.

Nijulishe amejibiwa nini.

Mama yako