Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka Wetu Mekoni na Vijana

Assalaam aleikum, wanachama wenzangu.

Mkutano uliopita tulikubaliana tuwaite vijana wetu wa Mji wa Kale, Mombasa, waje kupika na kina bibi mara moja kwa mwezi. Vikao viwili vya mwanzo viliharibika, na kosa lilikuwa letu. Tuliwapangia viti, tukawahutubia kuhusu utamaduni, wao wakachezea simu. Cha tatu hatukuweka viti. Kila aliyeingia alipewa nazi na mbuzi ya kuikunia.

Kijana mmoja aliikalia mbuzi kama mwenye bodaboda, akakuna mpaka akaingia kwenye kifuu, nazi ikatoka na vumbi la kahawia. Bibi aliyekuwa naye hakumkemea. "Mwanangu, izungushe," alimwambia, "usiikabe." Mwenziwe alivunja yake bila kuinusa, akaikunia sinia moja na za wengine. Tui likakamuliwa, likatiwa kwenye wali. "Nazi mbovu harabu ya nzima" wote waliijua tangu shule ya msingi, wengine wameiandikia insha. Siku ile waliionja. Wali tuliumwaga wote, na wao wenyewe wakatumwa sokoni tena.

Tangu hapo nimekuwa nikisikiliza maneno kuliko kuangalia vyungu. Kifumbu cha kukamulia tui walikiita "kile kikapu". Chicha, makapi ya nazi iliyokamuliwa, walidhani ni takataka tu, mpaka walipoona linatiwa maji na kukamuliwa tena. Binti mmoja aliuliza kwa nini tui jepesi hutangulia na zito huja mwisho, akaambiwa akoroge bila kupumzika ajionee. Alipoacha kidogo kujibu simu, tui likakatika. Sasa yeye ndiye anayewafundisha wageni.

Wapo waliolalamika kuwa tunapoteza wakati ilhali blenda zipo. Nyumbani tumieni, hata mimi ninayo. Lakini blenda haikupi nafasi ya kukaa na bibi nusu saa mkipiga soga, na soga ndiyo tuliyoifuata.

Bokoboko lilitushinda. Ngano na nyama zataka mkono usiochoka, nao walipokezana mwiko kwa kutegeana. Lilishika chini. Ukoko, hata hivyo, uligombewa.

Kuhusu ufadhili: mwaka 2021 UNESCO iliorodhesha kazi ya Kenya ya kulinda vyakula vya asili miongoni mwa mifano bora ya kuhifadhi urithi. Wengine mmenishauri tukimbilie kuandika maombi. Mimi naona bado. Kazi ile iliwagusa watoto wa shule na mboga za kienyeji, nasi mboga hatujazigusa kabisa. Napendekeza mwaka huu tuanze na mnavu na kisamvu, kisha ndipo tubishe hodi kwa watu.

Mahesabu atayasoma mweka hazina. Langu ni moja tu: sufuria kubwa iliyoazimwa kwa harusi haijarudi, na aliyenayo anajijua. Wazazi nao, msitutumie watoto kisha mkabaki vibarazani. Kina bibi wawili magoti yanawauma, na kuna maji ya kuteka.

Kikao kijacho ni samaki wa kupaka. Seredani, yaani majiko ya makaa, tunazo tatu, hazitoshi. Mwenye nyingine aje nayo. Ukwaju utarowekwa usiku wa kuamkia siku hiyo, na vijana wamejitolea kuuroweka wenyewe.