Bei ya rada si siri ya jeshi

Ndugu Mhariri,

Kuna hoja ninayoisikia mara kwa mara kwenye vijiwe vya kahawa hapa Kirumba, hata kwa watu wenye elimu yao, kwamba mwananchi akiuliza jeshi limenunua nini na kwa shilingi ngapi, basi anachokonoa mambo ya ulinzi wa taifa. Wengi wanaosema hivyo wanalipenda jeshi letu. Mimi pia nalipenda, na ndiyo sababu ya barua hii.

Nianzie hapa hapa Mwanza. Machi 1979 nilikuwa darasa la saba. Vita vya Kagera vilikuwa vimepamba moto, majeshi yetu yako ndani ya Uganda, na ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Idi Amin ikatushambulia. Mabomu yaliukosa mji, yakaangukia Kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. Usiku ule na nyingine zilizofuata mama alitundika mablanketi dirishani, koroboi ikawekwa chini ya meza ili mwanga usitoke nje, na sisi watoto tukalala na nguo za shule mwilini, maana hatukujua tutaamshwa saa ngapi. Kwa hiyo mtu asije akatufundisha sisi wa Mwanza kwamba rada, mtambo wa kuona ndege zikiwa bado mbali, ina faida. Tulijua haja yake tukiwa chini ya meza.

Sasa nieleze kazi niliyofanya. Nimefundisha shule za msingi miaka 38, na mingi kati ya hiyo nilikabidhiwa pia stoo ya shule. Ili tununue katoni 12 za chaki, nilitakiwa kukusanya proforma tatu, yaani hati za bei, kutoka maduka matatu. Kamati ya shule ikae, muhtasari uandikwe, mwenyekiti asaini. Mzigo ukifika tuhesabu watu watatu, tuingize kwenye leja, tusaini tena. Mwaka mmoja mvua ya masika ilipenya bati la stoo, katoni mbili zikalowa, chaki zikawa uji mweupe sakafuni. Mkaguzi alipokuja alinikalisha kwenye kiti tangu saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana akitaka hati ya kufuta mali iliyoharibika. Nilitoka pale nikitetemeka, lakini sikumlaumu, wala simlaumu leo. Chaki zile zilikuwa za wananchi.

Miaka kadhaa baadaye lori likatuletea vitabu vya wanafunzi, vilivyonunuliwa kwa fedha ambazo nchi ilirudishiwa baada ya kuuziwa rada. Mtaani walikwisha zipa jina, chenji ya rada. Tulifungua maboksi kwa kisu, tukahesabu, tukapiga mihuri. Nilipofika kwenye safu ya chanzo cha fedha nikasita, nikamuuliza mwalimu mkuu niandike nini. Akafikiri kidogo, akasema andika Rada. Nikaandika hivyo, kwa wino wa bluu, chini ya mistari iliyosema Ruzuku na Mchango wa Wazazi.

Kwa vijana ambao hawakuishuhudia, rada yenyewe ilinunuliwa kwa kampuni ya Uingereza, BAE Systems, kwa karibu pauni milioni 28, kwa mkopo wa benki ya Barclays. Kabla mtambo haujafungwa, wataalamu wa Benki ya Dunia na wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga walikwisha kusema kuwa ni ghali mno na kwamba haufai sana kwa kazi ya kuongoza ndege za abiria. Clare Short, aliyekuwa waziri wa maendeleo ya kimataifa wa Uingereza, aliupinga ununuzi huo ndani ya serikali yake mwenyewe. Serikali ya Tony Blair ikatoa kibali hata hivyo, Desemba 2001.

Miaka tisa ikapita. Desemba 2010 mahakama ya Southwark, London, iliihukumu BAE baada ya kampuni hiyo kukiri kosa la kutotunza ipasavyo kumbukumbu za hesabu. Mahakamani ilielezwa kwamba zaidi ya dola milioni 12 zilipitia kwa wakala wa hapa Tanzania, na kwenye vitabu vya kampuni zikaandikwa kuwa malipo ya huduma za kiufundi. Faini ilikuwa pauni 500,000, na kampuni ikalipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania, zaidi ya shilingi bilioni 70, zilizonunua vitabu na madawati.

Mhariri, naomba msomaji aziweke leja hizo mbili pamoja. Mwalimu wa stoo, mbele ya watu watatu, anaandika Rada kwenye safu ya chanzo cha fedha kwa sababu ndiyo kweli. Kampuni kubwa ya silaha inaandika huduma za kiufundi mahali ambapo hata hakimu hakuridhika na maelezo hayo. Na hapa kwetu? Waziri mmoja alijiuzulu mwaka 2008 baada ya kujulikana ana zaidi ya dola milioni moja kwenye akaunti ya kisiwani Jersey, akaziita vijisenti. Alikana kwamba zinahusiana na rada, na hakushtakiwa kwa jambo hilo. Hakuna kiongozi wa nchi hii aliyefungwa kwa ajili ya rada. Kurudishiwa chenji si sawa na kesi kwisha, na inaniuma kwamba hata hiyo chenji tuliipata kwa nguvu ya wapelelezi wa Waingereza.

Ng'ambo za ziwa letu nako mambo ni yale yale. Uganda ilinunua helikopta za kivita kutoka Belarus mwishoni mwa miaka ya 1990, zikaonekana hazifai kuruka, hadi ikaundwa tume chini ya Jaji Julia Sebutinde. Kenya iliagiza meli ya jeshi la majini mwaka 2003, ile iitwayo KNS Jasiri, ikafika Mombasa mwaka 2012 baada ya kukaa miaka Hispania katikati ya malumbano ya mikataba iliyojulikana kama Anglo Leasing. Nchi tatu zinakunywa maji ya ziwa moja, na kila moja ilipouliza iliambiwa kwanza kwamba haya ni mambo ya usalama.

Sisi wa kanda hii tuna mfano wetu wa karibu zaidi. Ukitoka Mwanza kwenda Musoma, ukakunja kuelekea Butiama, utafika Buhemba, kwenye mgodi wa dhahabu uliokuwa chini ya kampuni ya Meremeta. Wabunge wa Bunge la Tisa walipotaka maelezo ya fedha za kampuni hiyo, Waziri Mkuu wa wakati ule, Mizengo Pinda, alikataa kulizungumza, kwa maelezo kwamba ni suala la jeshi. Dhahabu imechimbwa kwenye ardhi ya mkoa wa Mara, watu wa Buhemba wamebaki na mashimo, na hesabu imefungiwa kabatini. Ningependa kujua ni adui gani angetushinda vitani kwa sababu tu amejua mgodi ule uliingiza kiasi gani.

Hapo ndipo hasa ninapotaka kufika. Idadi ya risasi ni siri. Mahali mtambo ulipofungwa ni siri, umbali unaoona ni siri, na afisa akizitoa siri hizo kuna Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inayomngoja. Lakini bei iliyolipwa, jina la aliyeuza, na fungu alilopewa mtu wa kati haviko kundi hilo. Adui hafaidiki na chochote akijua kwamba tulilipa pauni milioni 28. Anayefaidika tusipojua ni yule wa kati, basi. Hata sheria zetu za ununuzi wa umma zimekwisha kukubali kwamba si kila kinachonunuliwa na vyombo vya ulinzi ni cha siri. Magodoro, maharage, matairi ya malori na viatu vya askari si silaha.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa pwani hii ya ziwa hawawezi kulinyamazia. Mei 21, 1996 meli ya abiria ya MV Bukoba ilizama ikija bandarini kwetu. Tulisimama ufukweni siku kadhaa. Nakumbuka mama mmoja aliyeketi juu ya mawe na kanga ya mwanawe mapajani, hakuongea na mtu, kila boti ikirudi anasimama, kisha anaketi tena. Wazamiaji walilazimika kuja kutoka Afrika Kusini. Makaburi yako Igoma, nendeni mkahesabu. Miaka mitano baadaye nchi yetu hii hii ikapata mamilioni ya pauni ya kununua rada. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara, watu 228 wakafa. Novemba 2022 ndege ya abiria ikaanguka ziwani Bukoba, wakafa 19, na waliotangulia kuifikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu walivuta mkia wa ndege kwa kamba, kwa mikono, dunia nzima ikiona.

Sisemi kwamba fedha za rada zingezuia ajali hizo. Ninasema hivi: fedha ya ulinzi na uokoaji ikiibwa, pengo lake halionekani kwenye gwaride. Linaonekana majini, siku ya msiba. Januari 2020 Rais Magufuli aliueleza umma juu ya mkataba wa zaidi ya euro milioni 408 wa vifaa vya zimamoto na uokoaji uliosainiwa bila kupitishwa na Bunge, na waziri akaondolewa. Ni zaidi ya shilingi trilioni moja. Fedha kiasi hicho, kwa jina la uokoaji, na huku kwetu mvuvi ndiye mwokoaji!

Ninao ndugu jeshini. Mdogo wangu alitumikia JWTZ hadi kustaafu, na mtoto wa dada yangu yuko kambini hadi sasa. Mdogo wangu huwa hapendi mazungumzo haya, kiapo chake anakiheshimu, nami simlazimishi. Lakini siku moja alinionyesha viatu alivyopewa kabla ya kwenda mafunzoni, soli imeachia baada ya wiki tatu, kaishona mwenyewe kwa uzi wa nyavu. Aliyesaini kwamba viatu vile vimepokelewa na ni bora, sijui kama naye alikalishwa kwenye kiti tangu saa tatu hadi saa nane.

Kwa hiyo ninaomba mambo machache. Mikataba ya ulinzi isiwe na wakala anayelipwa asilimia. Serikali iongee na mtengenezaji moja kwa moja, na malipo yoyote kwa mtu wa kati yawe kosa. Vitu visivyo silaha vitangazwe kwenye zabuni kama tunavyotangaziwa madawati. Vile vya siri kweli, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) avikague vyote na taarifa yake isomwe faragha mbele ya kamati ya Bunge ya ulinzi, kisha jumla ya fedha na majina ya wauzaji vitolewe hadharani. Na afisa anayeona wizi ndani ya kambi apate ulinzi wa Sheria ya Watoa Taarifa ya 2015, asiambiwe kwamba amevujisha siri za taifa.

Bajeti ya Wizara ya Ulinzi itakapowasilishwa Dodoma, nawaomba wabunge wa Mwanza, Mara, Kagera, Geita na Simiyu wasimame waulize jambo moja tu: boti za doria na za uokoaji katika ziwa hili ni ngapi, zilinunuliwa kwa nani, kwa shilingi ngapi, na leo asubuhi ni ngapi zinazowaka injini.

Mwalimu mstaafu,
Kirumba, Mwanza