Barua kwa mwanangu: oili ya gari lako

Chikongola, Mtwara

Mwanangu Somoe,

Salamu nyingi zikufikie huko Newala. Sisi huku hatujambo, na bibi yako anaendelea vizuri, hakuachi katika dua zake. Nimefurahi sana kusikia gari lako, ile Toyota IST, imefika salama na kwamba sasa ndiyo inayokupeleka kazini. Ila uliponieleza kwenye simu kuwa fundi wa huko anataka akuwekee oili nzito ya 20W-50 "kwa sababu ukanda wetu una joto", sikutaka kukujibu harakaharaka. Oili na spea ndiyo kazi iliyotulea nyumba hii, na ninataka jambo hili ulielewe mwenyewe, usiwe mtu wa kuelekezwa na kila anayefungua boneti.

Mjomba wako naye atakuambia uweke hiyohiyo nzito. Msikilize kwa heshima zote, maana Hiace yake imepanda Newala na magunia ya korosho misimu mingi na bado inadunda. Lakini ile ni dizeli, tena ya zamani. Injini yako ni kitu kingine.

Tuanze na namba. Kwenye 5W-30, ile ya kwanza yenye W inaonyesha oili inavyotiririka injini ikiwa baridi: namba ikiwa ndogo, oili inapanda upesi. Ile ya pili ni uzito wake injini ikishapata moto, kipimo chake huchukuliwa kwenye nyuzi 100. Dukani nasikia kila siku kwamba W ni habari ya nchi za barafu, sisi haituhusu. Si kweli, mwanangu. Gari lililolala usiku kucha hapa Mtwara, hata kwenye joto la Desemba, injini yake asubuhi ina nyuzi kama 25 hivi. Ikishachemka inapita 80. Kwa injini, asubuhi yetu ni baridi tupu. Oili yote imeshashuka kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini, na pampu inatakiwa kuivuta mpaka juu kwenye vali. Ikiwa nzito inachelewa, na katika sekunde hizo chuma kinasagana na chuma. Sehemu kubwa ya kuchakaa kwa injini hutokea hapo, pale unapowasha.

Na joto la nje, je? Kazi ya kulimudu ni ya rejeta na termostati, ile vali inayofungua na kufunga njia ya maji ya kupoza. Iwe Newala mwezi wa saba na kile kibaridi chake, iwe huku pwani mwezi wa kwanza, maji ya injini yakishachemka hukaa karibu palepale. Kwa hiyo hoja ya "joto la kusini" haina mashiko kwa gari lenye mfumo mzima wa kupoza. Na hapa nisikilize vizuri: fundi akikuambia aing'oe termostati ili injini "ipumue", mkatalie kabisa. Injini isiyofikia moto wake haiwezi kukausha unyevu na petroli inayopenya kwenye oili, na mwisho wake ni tope jeusi lililoganda chini ya kifuniko cha vali. Nimeyaona matope hayo mengi, mengine yanachotwa kwa kijiko.

Injini yako ina VVT-i. Mfumo huo hubadilisha muda wa kufunguka vali kwa kutumia mgandamizo wa oili hiyohiyo, inayopita kwenye vijitundu vyembamba na kichujio kidogo cha wavu. Kikaza cheni ya taimingi nacho kinasukumwa na oili. Walioiunda injini ndio wanaoyajua matundu hayo upana wake, na ndio walioandika 5W-30. Kitabu cha gari, kama bado kimo kwenye dashibodi, ni cha Kijapani, lakini namba hizo utaziona tu. Angalia pia fremu ya mlango wa dereva, mara nyingi Wajapani hubandika hapo stika ya siku oili ilipomwagwa na kilomita zake. Ukikuta mwaka umeandikwa 28, usishangae: wanahesabu kwa enzi za wafalme wao, na 28 ya Heisei ni 2016.

Sisemi oili nzito ni haramu. Injini ikianza kula oili, kijiti cha kupimia kinaonyesha inashuka wiki hadi wiki, moshi wa bluu unatoka, na umeshahakikisha hakuna sili inayovuja, hapo panda taratibu, 10W-30 au 10W-40. Injini yako haijafika huko. Kuirukia 20W-50 ni kuitwisha pampu mzigo na kuongeza ulaji wa petroli bure.

Kwenye galoni tafuta neno API, alama ya daraja la oili. Herufi zikianza na S ni za petroli, zikianza na C ni za dizeli. SL ilitoka 2001, SM 2004, SN 2010, SP 2020, na kwa petroli ile mpya inafaa pale ilipotakiwa ya zamani. Wewe chukua SN au SP. Ile SAE 40 isiyo na W, wanayopima kutoka kwenye pipa kwa chupa, usiisogelee hata kwa bei ya kutupa.

Galoni ununue mwenyewe, kwa mtu unayemjua. Pete ya kifuniko iwe nzima, lakiri haijaguswa, na usimame pale inapomiminwa. Ikiisha, toboa galoni tupu kwa msumari, kwa sababu zipo zinazookotwa, zikajazwa oili chafu iliyochujwa na kurudi sokoni zinang'aa.

Sasa kipimo, ambacho wengi hukikosea. Injini ya 1NZ, ile ya 1.5, ukibadili na filta inachukua lita 3.7. Galoni ni lita 4. Fundi atataka kumimina yote "isibaki". Mzuie. Oili ikizidi, krankishafti, ule mhimili unaozunguka juu ya sampu, inaichapa mpaka inatoa povu, na povu halilainishi kitu. Kinachobaki weka kwenye buti kiwe cha kuongezea. Gari liwe tambarare, zima injini, subiri dakika tano, futa kijiti, rudisha, chomoa tena: oili iwe kati ya alama mbili, karibu na ya juu. Fanya hivyo kila Jumamosi kabla hujatoka. Weusi wa oili peke yake usikutishe, ni uchafu imeubeba, ndiyo kazi yake. Wewe hesabu kilomita 5,000 au miezi sita, kitakachotangulia, kwani safari zako ni fupi na vumbi la kule unalijua.

Filta ibadilishwe kila mara. Mpira wake upakwe oili safi kidogo, ikazwe kwa mkono tu, isikazwe kwa spana. Nati ya sampu ni namba 14, na washa yake, kile kipete cha kuzuia isivuje, iwe mpya. Oili ya gia boksi ni somo jingine, asiiguse mtu mpaka tuzungumze.

Kesho nakutumia kwa basi la asubuhi linalopita Tandahimba galoni moja ya 5W-30, filta na washa mbili, vyote kwenye boksi lenye jina lako. Kondakta atakupigia akifika stendi. Akishamaliza fundi, nipigie picha kijiti na kilomita za kwenye dashibodi unitumie, niziandike kwenye daftari la duka.

Mama yako