Maneno kumi na mbili, elfu ishirini: mbona ghali?

Wiki mbili nyuma alikuja dukani nahodha mmoja wa boti za kwenda kisiwa cha Changuu, kijana mstaarabu tu, akaniwekea karatasi mezani: "Safari ya Changuu, kobe wakubwa, kuogelea, boti nzuri, bei nafuu, kila siku." Alitaka Kiingereza chake cha kuandika kwenye bango. Nikamwambia elfu ishirini. Akatia kidole kwenye karatasi, akaanza kuhesabu: moja, mbili, tatu. Alipofika kumi na mbili akanyanyua macho.

"Dada, kila neno shilingi elfu moja mia sita na ushei! Hii tafsiri au karafuu?"

Watu waliokuwa wakingoja fotokopi wakacheka, na mie nikacheka. Lakini maneno yale nimeshayasikia mara nyingi mno, na kila mara mteja anaondoka na karatasi yake, anaingia kwenye simu, anapata Kiingereza bure. Kwa hiyo leo naandika, ili akija mwengine nimwonyeshe hapa badala ya kubishana naye mbele ya watu.

Fotokopi tunahesabu kwa karatasi. Kuchapa tunahesabu kwa ukurasa. Maneno ya bango, lebo na menyu hatuhesabu hivyo. Kuyaandika ni kazi ya dakika tano. Kinachokula muda ni kukuuliza kwanza: kitu chenyewe kikoje, nani atakisoma, kitakaa wapi. Baadaye nakisoma kwa sauti, nakilaza usiku mmoja, asubuhi nakitazama tena kwa jicho jipya, halafu nakupa nakala ya karatasi ya kawaida uitie saini kabla ya kwenda kwa fundi wa rangi au kwenye mashine ya fleksi, ile ya kuchapa mabango. Simu naitumia hata mie, sina ugomvi nayo. Ila simu haiulizi. Ukiipa "kamba wa nazi" inakupa "coconut rope", na haitaki kujua kama unapika au unasuka. Menyu hiyo nimeiona kwa macho yangu, imelaminetiwa vizuri. Mgeni aliyejua kwamba kweli hapa Unguja watu wanasokota kamba za makumbi angeweza kudhani anauziwa ukumbusho. Kumbe ni "prawns in coconut sauce" tu.

Menyu hiyo hiyo ilikuwa na "cow soup". Hapa mpishi hana kosa, Waingereza wenyewe ndio wana historia yao. Baada ya mwaka 1066 walitawaliwa na watu wa Normandy waliokuwa wakisema Kifaransa. Mnyama akiwa zizini akabaki na jina la mchungaji, "cow", na nyama yake mezani ikachukua neno la Kifaransa, ikawa "beef". Kondoo vile vile, "sheep" na "mutton". Kuku akasalimika, yu "chicken" kote kuwili. Simu kuna siku inapatia na kuna siku inakosea, na wewe hutajua leo ni siku gani.

Kazi inayoniuma mpaka leo ni ya sabuni. Kikundi cha kina mama wa pwani ya mashariki, wanaolima mwani, walianza kutengeneza sabuni ya mwani na mdalasini. Ukiishika tu, mkono unabaki na mdalasini mpaka jioni. Walikuja na lebo mia tano zilizokwishachapwa kwengine, na sabuni kama sitini zimeshafungwa. Lebo inasema "Smelly Seaweed Soap". Aliyeandika ni binti wa mmoja wao, yuko skuli, kidato cha tatu. Simu ilimwambia harufu ni "smell", na darasani alishafundishwa kwamba "sun" inazaa "sunny" na "rain" inazaa "rainy". Akajumlisha. Kwa kweli hesabu yake haikuwa mbaya.

Nikawauliza: mtu akikwambieni mnanuka, mtamfanya nini? Wakaguna. Na akisema mnanukia? Wakacheka. Basi Kiingereza nacho kina kunuka na kunukia, ila kimeviweka kwenye maneno mbali mbali. "Smelly" ni kunuka. Sabuni inayonukia ni "scented". Harufu ya kahawa au ya pilau inayotokea jikoni ni "aroma". Mama mmoja akaitazama lebo kimya, kisha akasema taratibu: "Kwa hiyo tumeandika sabuni inayonuka mwani." Sikuwa na la kumjibu. Walikaa kwenye benchi langu wakizibandua lebo kwa kucha, moja moja, na karatasi ilikuwa na gundi nzuri, haitoki nzima. Neno moja hilo. Mie niliwatoza elfu kumi na tano kwa lebo yote, lakini lebo mia tano mpya walilipa tena mahali pengine, na pesa ile ilikuwa ya mavuno ya mwani.

Halafu kuna la uchi. Mwenye duka mmoja wa kijiji cha pwani alichoshwa na wageni wanaopita mbele ya msikiti na chupi za kuogelea. Akaandika ubao: NO NAKED PEOPLE. Kwetu mtu aliye njiani na vitambaa viwili na kamba mgongoni yuko uchi, hakuna mzee wa mtaa atakayebisha. Lakini "naked" ya Kiingereza ni mtu asiye na hata uzi mwilini. Wageni wakawa wanasimama kando ya ubao kupiga picha, wamevaa zile zile chupi, kwani ubao haujawakataza! Alipokuja kwangu amekasirika nikamuuliza, bwana, hasa unataka wafunike nini? Akafikiri. "Mabega na magoti." Basi tukaandika hivyo hivyo: "Please cover your shoulders and knees in the village." Akalalamika kwamba hiyo "please" inawabembeleza. Nikamwambia kwa Kiingereza asipoitia atasikika kama askari, na mgeni akiona amefokewa atapita tu. Sisi upole tunautia ndani ya kitendo, tunasema "mjifunike" na inatosha. Kiingereza hakina mahali pa kuuficha, lazima uuseme.

Nashangaa kidogo kwamba mambo haya yanatupata watu wa hapa. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa Mombasa mwaka 1928 kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na hatusahau kukumbushana. Mgeni wa bara akikosea neno moja sokoni Darajani watu watatu wanamsahihisha kabla hajalipa. Lakini lugha ya mwenzetu tunaitia neno lolote.

Vijana wa barua za kazi nao siwaachi. Barua nne kati ya tano za hoteli zinazopita mezani kwangu zina "I know to live with people". Najua kuishi na watu, sifa kubwa sana kwetu. Meneja wa kigeni akiisoma anajiuliza huyu kijana anatafuta kazi au chumba. Kiingereza chake ni "I get on well with people". Na ukiandika kwamba unaweza kuanza zamu saa moja asubuhi, usimwandikie "1 o'clock in the morning", kwake hiyo ni saa saba ya usiku, saa ya wachawi. Barua natoza elfu tano, na hapo nani analalamika? Ni wale wa mabango.

Nirudi kwa nahodha wangu. Aliondoka, akaandika kwa simu yake, akamlipa fundi wa rangi elfu arubaini. Bango likatoka limewaka: GIANT TURTLES, SWIMMING, CHEAP BOAT. Siku ya tatu akapata familia ya Waingereza, baba, mama na watoto wawili, wamekuja na miwani ya kuzamia na mapezi ya miguuni. Njia nzima mtoto anachungulia majini. Wanafika Changuu wanapelekwa kivulini, kobe wamelala wanatafuna majani. Baba wa watu hakufoka, alisema tu kwa adabu kwamba anaomba nusu ya pesa zake.

Jioni ile kijana akarudi dukani. "Dada, kwani kobe siye 'turtle'?"

Kwa Mmarekani aghlabu ndiye, kasa na kobe wote anaweza kuwaita hivyo. Kwa Mwingereza "turtle" ni kasa, wa baharini, na kobe wa nchi kavu ni "tortoise". Wale wa Changuu asili yao Shelisheli, na tangu waletwe hawajajifunza kuogelea. Nikamweleza na "cheap" pia, kwamba mgeni akiisoma kwenye boti anaanza kuwaza kuhusu maboya. Nikamuuliza kama aweke "Prison Island", maana ndilo jina wageni wanalolitafuta, ingawa gereza lililojengwa pale miaka ya 1890 halikuwahi kuwekwa wafungwa, likageuzwa karantini. Akasema tutie majina yote mawili.

Sasa bango linasema: "Boat trips to Changuu, Prison Island. Meet the giant tortoises, then swim off the beach. Fair prices. Every day." Nilimwona akiyahesabu tena kwa kidole. Yamezidi kumi na mbili, na bei ni ile ile elfu ishirini. Fundi wa rangi amechukua arubaini yake ya pili. Mie amenipa elfu kumi, na nyengine ameahidi kuileta Ijumaa. Hakusema Ijumaa ipi.