Fatma, mwache Nuru aje Malindi

Assalaam alaikum shoga yangu,

Ni masiku, najua. Ningekupigia lakini kila nikipiga ama wageni wamebisha hodi ama umeweka wali motoni, tunasema mawili matatu halafu kwaheri. Basi leo nimekaa nikuandikie yote, usome ukitulia usiku. Huku wazima alhamdulillahi, mama miguu bado inamsumbua lakini anafika kwa jirani na kurudi, watoto wako skuli, joto kidogo limeshuka. Mpe salamu shemeji Abdalla, na Bi Mkubwa mbusie mkono kwa niaba yangu.

Sasa nije kwa lililonikalisha kuandika. Ile voisi yako nimeiskiza, nikairudia. Wataka nimkalishe Nuru nimwambie aachane na mambo ya mirathi, atafute pupilaji, yale mafunzo ya kazini ya uwakili, kwa kampuni kubwa ya mawakili Nairobi ashike mambo ya mabenki, manake mtoto umemsomesha kwa taabu na hutaki awe wakili wa maiti. Fatma, hilo siwezi kumwambia. Siliamini, na nikimwambia kitu nisichokiamini atanijua saa ileile, wamjua mwanao.

Na hilo neno wakili wa maiti limenichoma. Maiti hana haja na wakili, yeye ya dunia yashamwisha. Wanaonijia mimi, wakili wa mirathi, ni wazima. Ni mjane ambaye benki imemwambia hela za mumewe hazitoki mpaka alete karatasi ya korti na kodi ya nyumba ni mwisho wa mwezi. Ni ndugu waliokula sahani moja utoto mzima na sasa tangu matanga hawapeani salamu. Ni watoto ambao hawajui hata wana haki gani, wala umri wa kuidai hawana.

Juzi kaja mama mmoja kutoka upande wa Ganda, ana mfuko wa nailoni umefungwa fundo, akaumwaga juu ya meza yangu: cheti cha kifo, barua ya chifu yenye majina ya warithi, risiti za kodi ya ardhi za miaka na miaka nyengine wino ushafutika, kitabu cha posta, na picha ya harusi yao akaitia humo akidhani korti itaitaka. Hawa ni Wakristo kwa hivyo yao inakwenda kwa ile Sheria ya Mirathi iliyoanza kutumika 1981. Shemejiye ashapata mnunuzi wa shamba, ashakula na arbuni, kisa eti yeye ndiye mkubwa wa nyumba. Nikamweleza mama yule pole pole, kwanza tupeleke ombi kortini, litoke kwenye gazeti rasmi la serikali siku 30 ili mwenye pingamizi aseme, korti itoe barua ya usimamizi, halafu kwa kawaida ni miezi 6 ndio uende kuithibitisha na mali igawanywe. Na kwa vile ana watoto wadogo sheria inataka wasimamizi wasipungue wawili, hata yeye hapewi peke yake. Kaniuliza, na huyu shemeji je? Nikamwambia anayeingilia mali ya marehemu bila idhini ya korti ametenda kosa la jinai, faini mpaka shilingi 10,000 au jela mpaka mwaka mmoja ama vyote viwili. Fatma ungeona uso wa yule mama. Miezi yote hiyo anaambiwa na watu wazima kwamba yeye kaolewa tu hapo, hana lake, na hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba kuna sheria.

Hiyo ni asubuhi. Alasiri niko kwa kadhi, huko ni mlango mwengine kabisa, manake tangu 1990 Muislamu akifa mirathi yake inafuata faraidhi, mgawo wa Kiislamu, na si ile sheria ya 1981. Na katiba ya 2010 inasema kadhi anasikiza pale tu wote wanaohusika ni Waislamu na wamekubali kwenda kwake. Sasa fikiria familia zetu za huku pwani, baba kasilimu, watoto wa mke wa kwanza bado wako kanisani, wa mke wa pili wako madrasa. Nani aende wapi? Na tangu Mahakama ya Juu itoe uamuzi ule wa 2025 kuhusu watoto wa nje ya ndoa na mirathi ya baba Muislamu, simu yangu haitulii, kila baraza lina wakili wake na kila wakili wa baraza ana fatwa yake. Kazi hii inataka mtu anayezijua njia zote mbili na anayejua kukaa na watu. Wa hivyo ni wachache mno.

Na Nuru ni mmoja wao. Hukuwepo siku ile alipokuja kwangu likizo, wacha nikwambie. Nilimpa hesabu ya kujaribu, mtu amekufa ameacha mke, mama, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike. Mawakili wazima wanatafuta kikokotoo hapo. Yeye akachukua kalamu, mke thumni, yaani moja kwa nane, mama sudusi, moja kwa sita, inayobaki mwana fungu mbili na kila binti fungu moja, akaigawa mafungu 96: mke 12, mama 16, mwana 34, mabinti 17 kila mmoja. Chai haijapoa. Nikamwambia mashaallah, ni sawa. Akanyamaza, akaitazama karatasi, akaniuliza, "Khaleti, na hawa mabinti kama ni wadogo, hizo 17 zao nani anawashikia?"

Hapo ndipo nilipojua. Manake kugawa ni hesabu, hata simu inaweza. Kazi yenyewe iko hapo alipoulizia, nani anashika cha mtoto mpaka akue, na nani anamwangalia huyo anayeshika. Mwanafunzi kuuliza hilo bila kuambiwa si jambo dogo.

Nina kesi moja ambayo ndiyo inaninyima usingizi, sitaji jina wala mtaa. Baba kafa kaacha nyumba ya vyumba vya kupangisha na watoto watatu, mkubwa ni msichana wa sekondari. Ami yao kachukua hati ya nyumba siku ya arubaini, ati aiweke salama, na kodi ya wapangaji ikawa inapita kwake. Mama yao ana haki ya kuwalea, lakini mali yao si kwamba inakuja mkononi mwake hivi hivi, lazima korti imteue, naye hakujua, alikuwa akienda kwa shemejiye kuomba hela za skuli kama anaomba sadaka. Tukafika mbele ya kadhi. Ami akasema kodi yote imeisha kwa matengenezo na karo, hana risiti lakini Mungu ni shahidi wake. Yule msichana akatoa daftari la skuli kwenye mkoba, lile la kawaida lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kumbe tangu babake afe alikuwa kila mwisho wa mwezi anapita kwa wapangaji, anawauliza mmelipa ngapi na mmempa nani, anaandika. Jina la mpangaji, mwezi, pesa, na ubavuni sahihi ya mpangaji au kidole gumba cha wino wa biro. Kadhi akayafungua yale makaratasi moja moja, hasemi kitu. Ami akaanza kutafuta koti lake.

Sasa anatakiwa alete hesabu ya kila senti na mama ateuliwe pamoja na mtu wa pili. Haijaisha, tarehe nyengine ni mwezi ujao, na najua ataleta visingizio. Lakini nauliza, ikiwa mtoto wa sekondari aliweza kuweka hesabu ile bila kufunzwa na mtu, sisi tuliosomea tunakimbilia wapi? Kula mali ya yatima kila mtu anajua ni moto, imesomwa kwenye kila hotuba, na bado inaliwa mchana kweupe na watu wanaoswali safu ya mbele. Hotuba pekee haijatosha. Inataka mtu wa kukaa kwenye faili na kuuliza, pesa ya mwezi wa 3 iko wapi?

Na usiniambie haya ni ya watu wengine. Ile nyumba yenu ya Mkomani, huko Lamu, je? Babu alikufa haikugawanywa, akafa babako haikugawanywa, akafa na ami Said ikawa ni hivyo hivyo, sasa kuna warithi Mombasa, kuna wa Maskati ambao wengine hamjaonana nao uso kwa uso, na boriti za juu zinaoza kwa sababu hakuna mmoja mwenye kauli ya kutengeneza. Tena mji wa kale ule uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, huwezi kubomoa ukuta ukajenga upendavyo. Na kile kisehemu cha chini mnachosema ni wakfu wa madrasa, nani mutawali wake, yaani msimamizi? Kuna maandishi? Sheria mpya ya wakfu ilitoka 2022, kuna mtu hapo nyumbani ameitazama? Kila anayekufa hesabu inazidi kuwa ndefu, na siku itafika anakuja mzungu na pesa mkononi, binamu mmoja anatia sahihi na mwaka mzima mnashtakiana. Nuru anaweza kuwa ndiye wa kuwatoa hapo, nawe ndiye unayemzuia.

Suala la pesa silikimbii. Mwanzo ni mgumu, mteja wa mirathi hana hela mpaka mali igawanywe, kwa hivyo unafanya kazi leo unalipwa Mungu anajua lini, na kuna wengine wakishapata chao simu hawashiki tena. Hilo linaniudhi mpaka leo. Lakini nimejenga, nimesomesha, mama yuko kwangu. Na hata huko Nairobi unakokutaka, tangu sheria ya amana, yaani mali anayokabidhiwa mtu awashikie wengine, ibadilishwe 2021 ikatambua amana za kifamilia, matajiri wanatafuta mawakili wa mambo haya haya. Akijifunza hapa kwa mifuko ya nailoni, huko hatashindwa.

Kwa hivyo ninachoomba ni hiki. Miezi yake 6 ya pupilaji aje aifanye kwangu. Leseni yangu imepita ile miaka 5 inayotakiwa ili kusimamia mwanafunzi, chumba kipo, atakula ninachokula, jioni atarudi nyumbani na mimi na si kuzunguka Nairobi peke yake usiku. Posho nitampa, si nyingi. Na nakwambia wazi, namhitaji. Faili zimenizidi, wazee wa Lamu wakija hapa wananieleza ukoo mpaka jua linatua, nataka mtu anayezijua hizo nyumba na anayeskiza bila kutazama saa. Akimaliza, akasema moyo wake uko kwa mabenki, mimi mwenyewe nitamtafutia mtu Nairobi.

Hebu niambie basi, Abdalla anasemaje, ama hata hujamwambia? Nuru amesharudi Lamu au bado yuko skuli ya sheria huko Karen, Nairobi? Na ni kweli yule binamu wa Maskati anakuja mwaka huu, manake akija tunaweza kukaa naye kuhusu nyumba, na cheti cha kifo cha babu kiko kwa nani? Mitihani ya Nuru ilikwendaje? Anaweza kupanda basi la asubuhi kutoka Mokowe wiki ya kwanza ya mwezi, nimpokee steji? Nijibu kabla ya Ijumaa, ile barua ya kumkubali nataka niipeleke mapema, na Nuru mwenyewe anipigie usiku baada ya isha, asiogope kunipigia.

Wako,
Zainab